Mwaka Tuliobishana Juu ya Kache

Bwana Njeru alipostaafu alitualika nyumbani kwake Kibugu tumshukuru Mungu pamoja naye, na mtu wa kwanza niliyemwona niliposhuka kwenye gari alikuwa Mutwiri. Alikuwa amesimama kando ya shamba la majani chai na sahani ya mukimo mkononi, mvi zimemshika juu ya masikio, tumbo limetangulia kidogo. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Yeye alirudi kwao Meru, akajenga Githongo, akapanda kahawa yake na kuendelea na kazi ya kompyuta hukohuko. Mimi nikabaki Embu. Aliniangalia, akamaliza kutafuna, kisha akaniambia bila hata salamu, "Wawira, bado nasema ile ya kuhesabu simu ilikuwa sawa kwa atomiki." Nikamjibu, "Hakuna mtu alikataa hiyo, Mutwiri. Tulikataa ile ingine." Mke wake, ambaye ndiyo mara ya kwanza tulikuwa tunakutana, alitutazama kwa zamu akauliza tunaongea lugha gani. Bwana Njeru alicheka hadi akashikilia kiti. "Hawa wawili," akamwambia mama huyo, "waligombana juu ya kitu hakionekani na macho, na mimi ndio nilikuwa nalipia chai."

Tulicheka sote, tukapangwa mezani, lakini mimi akili yangu haikukaa mezani. Ilirudi kwenye ule mwaka, na tangu siku hiyo imekuwa ikirudi mara kwa mara, nikiwa jikoni au nikingoja mtoto atoke shule. Nimefanya kazi kubwa zaidi baada ya hapo. Nimekaa katika ofisi zenye zulia na mashine ya kahawa. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni wapi nilipojifunza kazi, sitaji chuo. Nataja chumba kimoja mjini Embu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo.

Chumba hicho kilikuwa na sakafu ya mbao, na harufu za dukani zilipanda zote zikaishi nasi: dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe, chakula cha kuku, na ile harufu kali ya dawa ya kunyunyizia nyanya ambayo ilikuwa ikinifuata mpaka nyumbani. Kulikuwa na meza mbili ndefu, dirisha moja lililotazama nyuma ya soko, na kabati la chuma lenye seva, ambalo lilivuma mchana kutwa kama mzinga wa nyuki. Nilifika hapo Januari, nikiwa nimetoka chuoni hivi karibuni, nikiwa na viatu vya ofisi ambavyo visigino vyake vilizama katikati ya mbao. Mutwiri alikuwa amenitangulia kwa miaka michache. Alinionyesha kiti changu, akaniambia nisiweke chai karibu na kabati, kisha akanigeuzia mgongo. Sauti za dukani nazo zilipanda kama harufu. Tulisikia kila kitu: nani ng'ombe wake hataki kula, nani amefiwa, nani ameuziwa mbegu mbaya ya mahindi. Siku ya kwanza nilimsikia mzee mmoja akimuuliza muuzaji, kwa sauti ya mtu asiyetaka kudanganywa, "Ati siku hizi ni kompyuta inapandisha ng'ombe?"

Hakuwa mbali sana na ukweli. Bwana Njeru, ambaye alisomea mifugo, alikuwa amepatana na ushirika wa wafugaji wa maziwa kuanzisha huduma ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa ndani ya mirija. Mirija ilihifadhiwa kwenye mitungi ya baridi kali katika vituo vya kukusanyia maziwa, kimoja Kanja, kimoja Kibugu, kingine Githongo, na kadhalika. Wapandishaji, ambao wakulima waliwaita madaktari, walizunguka na pikipiki na kuhudumia vituo kadhaa. Mkulima akiona ng'ombe wake ana joto, yaani anataka dume, anatuma ujumbe au anapiga simu kituoni, na mfumo wetu unamtafutia vitu viwili: mrija wa mbegu anayoitaka, na mpandishaji aliye karibu na hana kazi. Joto la ng'ombe halidumu. Likipita, mkulima anangoja wiki tatu ndipo lirudi. Kwa hiyo jambo ambalo Bwana Njeru alilisema kila Jumatatu, akiwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua, lilikuwa hilohilo: "Mkulima asingoje."

Ili mkulima asingoje, Mutwiri alikuwa amejenga kache. Hifadhidata yetu kuu ilikuwa mbali na nzito, na kuiuliza kila kitu kila mara kungetuchelewesha. Kache ni kumbukumbu ya haraka inayokaa mbele yake na kushika yale yanayoulizwa mara nyingi. Yetu iligawanywa katika seva kadhaa, nyingine zikiwa kabatini mwetu na nyingine mjini Meru, ili wa Githongo na wa Kanja wajibiwe kwa kasi ileile. Sasa, kache ya aina hiyo, siku unapoiunda, inakudai uchague. Ukichagua hali ya atomiki, kila badiliko linafanyika lote au halifanyiki kabisa, lakini linasimama peke yake. Halijui wala halijali badiliko la jirani limeishia wapi. Ni nyepesi na ina mbio. Ukichagua hali ya miamala, unaweza kufunga mabadiliko mawili au zaidi kuwa kitu kimoja, yote yapite au yote yarudi yalikotoka, ila kila kinachoguswa kinapigwa kufuli mpaka shughuli iishe, na kufuli zinakula muda. Ukishachagua, hubadilishi kache ikiwa hai. Unaibomoa na kuijenga upya. Mutwiri alikuwa amechagua atomiki kwa kila kitu, na alijivunia mbio zake. Alipenda kusimama nyuma yangu na kuniambia, "Tuma ombi moja uone." Ungetuma, na jibu lingekuwa limeshafika kabla hujatoa kidole.

Wiki zangu za kwanza nilisoma programu yake nikiwa kimya. Ilikuwa kazi safi, na mpaka leo nasema hivyo. Kitu kimoja tu kilinikereketa. Kumpangia mkulima huduma kuligusa vitu viwili, mrija na mpandishaji, na katika hali ya atomiki hivyo vilikuwa vitendo viwili tofauti. Mutwiri aliweka utaratibu wa kurudisha cha kwanza ikiwa cha pili kimekosekana, lakini kati ya kimoja na kingine palikuwa na nafasi. Nilimuuliza mchana mmoja tukiwa hotelini kwa Mama Kendi, nyuma ya soko, ambako tulikula karibu kila siku. Mama Kendi alikuwa mwanamke wa Meru mwenye mikono mikubwa, na aliongea Kimeru na Mutwiri kama shangazi yake. Siku hiyo tulikuwa na githeri yenye viazi, na chapati moja tuliyogawana. "Na mtandao ukikatika hapo katikati?" nikauliza. Mutwiri akasema, "Hapo katikati ni kufumba na kufumbua, Madam Wawira. Mtandao hauwezi kukupata hapo." "Unaweza." "Kila kitu kinaweza. Hata hii nyumba inaweza kuanguka." Mama Kendi aliyekuwa akipangusa meza ya jirani akasema, "Hii yangu haianguki," na maongezi yakaishia hapo.

Mwishoni mwa Februari mtandao ulitupata hapohapo. Tulijulia dukani chini. Nilisikia sauti ya Nyaga, mpandishaji wetu wa upande wa Kanja na Kibugu, kijana mpole aliyeendesha pikipiki kana kwamba amebeba mayai. Alikuwa akimwambia muuzaji, "Nimetumwa kwa cucu mmoja huko Kanja, naenda kituo kuchukua mrija, naambiwa umewekewa mtu wa Kibugu. Na huyo wa Kibugu hajapata daktari, kwa sababu daktari ni mimi na niko Kanja." Mutwiri aliacha kuandika. Alisikia kama nilivyosikia. Wakulima wawili walikuwa wameomba kwa wakati mmoja. Mmoja akapata mrija bila mpandishaji, mwingine mpandishaji bila mrija, na kabla programu haijarudisha chochote, laini ya kati yetu na Meru ikalala. Ng'ombe wote wawili joto likawapita. Wa Kibugu alikuwa na ng'ombe wengine, akalalamika kwa simu yakaisha. Wa Kanja alikuwa bibi mzee, Cucu Marigu.

Bwana Njeru alitupeleka kwake sote wawili, kwa gari lake, kwenda kuomba radhi. Nilidhani tutakemewa. Cucu Marigu alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea kwa fimbo, akiinamia upande mmoja kwa sababu ya nyonga, na alitukaribisha ndani, akatuketisha kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na kutuletea chai na nduma za kuchemsha. Aliongea Kiembu, polepole, na Kimeru cha Mutwiri kikamsaidia kuelewa zaidi ya nusu; nyingine nikamtafsiria. Alisema hana hasira. Alisema amekwisha kupangiwa kupasuliwa nyonga mwezi unaofuata, na baada ya hapo hatatoka kitandani kwa muda mrefu. Mwanawe anafanya kazi mjini, huja wikendi. Jirani atakuja kukamua, lakini jirani ana boma lake na hawezi kukesha akichungulia ng'ombe wa mwenzake. "Mimi ndiye ninayemjua akiwa na joto," alisema. "Halii kama wengine. Anakaa tu kimya na kuniangalia. Nikilala hospitali, nani atamwona? Nilitaka niende nikijua ana ndama tumboni." Akahesabu kwa vidole akasema joto litarudi mara moja tu kabla ya siku yake ya hospitali. Kisha akamwongezea Mutwiri nduma, kwa sababu Mutwiri alikuwa ameacha kula.

Tulizungumza njiani kurudi, tulipoanza kuona taa za kwanza za Embu. Bwana Njeru ndiye aliyeanza. Alituambia kamati ya ushirika imempigia. Ikitokea tena, wafugaji watarudi kuwapigia wapandishaji moja kwa moja kama zamani, kila mtu na bahati yake. "Mimi nilisomea ng'ombe," akasema. "Hizi zenu nikiwachagulia nitakuwa nabahatisha. Kaeni pamoja mchague. Lakini mje kwangu na kitu kimoja, sio viwili." Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu. Nilikuwa mgeni pale. Kama angetoa amri, ningeitekeleza na kulala usingizi. Badala yake alinipa nusu ya uamuzi, na nusu nyingine akampa mtu ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiniita Madam kwa utani.

Tulibishana. Nataka kusema wazi kwamba hatukubishana kwa adabu. Mimi nilitaka kila kitu kiende kwenye miamala, kache yote, ili kusiwe tena na jambo la nusu. Mutwiri alisema nikifanya hivyo nitaua mfumo, kwamba asubuhi baada ya kukamua, wakulima wote wanapopiga kwa mkupuo, kufuli zitarundikana na hakuna atakayejibiwa. Alisema atomiki haina kosa, kosa ni laini ya Meru. Nilimwambia laini ya Meru haitapona kwa ajili yake. Dukani chini walianza kutusikia kama sisi tulivyowasikia, na siku moja nilipokuwa nikishuka ngazi nilimkuta muuzaji akimweleza mteja, "Hao wa juu wanapigania kufuli. Sijui ni ya mlango gani." Kwa Mama Kendi tulikaa meza moja bado, kwa sababu ingekuwa aibu kukaa mbili, lakini tulikula tukiangalia ukuta. Mama Kendi akavumilia hayo kwa muda, kisha akaweka sufuria ya chai katikati yetu akamuuliza Mutwiri kitu kwa Kimeru. Nilielewa neno moja, la kuoa. Mutwiri akaanza kukohoa, kisha tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu Kanja.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo. Mutwiri alikubali tujaribu wazo langu kwenye kompyuta za majaribio, na tukaandika programu ya kuiga asubuhi yenye simu nyingi. Tuliiwasha tukaketi. Kwa muda ilikwenda vizuri, nami nikaanza kujisikia mshindi. Kisha skrini ikasimama. Maombi yalipangana yasijibiwe, safu juu ya safu. Nilikodoa macho nisiamini. Mutwiri angeweza kusema "nilikuambia," na sitasahau kwamba hakusema. Alivuta kiti chake kikalia kwenye mbao, akakaa bega kwa bega nami, akaanza kusoma kutoka juu. Alisoma akitembeza kidole kwenye kioo, jambo alilonikataza mimi. "Huyu ameshika mrija anangoja daktari," akasema. "Na huyu ameshika daktari anangoja mrija. Watangojeana mpaka Yesu arudi." Nikamuuliza kwa nini wengine waanze na mrija na wengine na daktari. Akaondoa kidole kwenye kioo. Ni yeye aliyekuwa ameandika hivyo zamani: anayetuma ujumbe alitafutiwa mrija kwanza, anayepiga simu kituoni alitafutiwa mpandishaji kwanza, kwa sababu njia hizo mbili zilijengwa nyakati tofauti. Katika atomiki haikuwa na maana. Katika miamala ilikuwa kama watu wawili kukutana katikati ya daraja la mti mmoja.

"Wote waanze na mrija," nikasema. "Wote waanze na mrija," akarudia, na tayari alikuwa anaandika. Tuliwasha tena na safari hii haikukwama, ila ilikwenda polepole, polepole kiasi cha kuudhi, na hapo ikawa zamu yangu kutazama kwa makini. Niliona kwamba nyingi kati ya kufuli zile zilikuwa za vitu visivyohitaji kufuli. Kila pikipiki ilipotuambia iko wapi, kufuli. Kila simu ilipohesabiwa, kufuli. Mahali pikipiki ilipo hakuna haja ya kufungwa na jambo lingine. Ikikosewa sasa, dakika ijayo itasahihishwa. Nikamwambia Mutwiri tugawe kache: vitu vya kumpangia mkulima huduma, yaani mirija na wapandishaji, viende kwenye kache ya miamala, mahali pikipiki zilipo na hesabu za simu zibaki kwenye kache ya atomiki, kama alivyoijenga. Alifikiri huku akizungusha kalamu. "Hizo zinabaki zangu?" akauliza. "Zinabaki zako." "Basi twende kwa Mzee." Tukaenda kwa Bwana Njeru na kitu kimoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, sidhani kama alielewa theluthi, kisha akauliza swali moja tu: mtandao ukikatika katikati, mkulima atapata nini? Mutwiri ndiye aliyejibu. "Atapata 'jaribu tena'. Hatapata nusu." Bwana Njeru akasema hilo anaweza kulipeleka kwa kamati.

Tuliibomoa kache ya zamani siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani na simu zikiwa chache. Bwana Njeru alikuja na ndizi mbivu na chupa ya uji aliyopewa na mkewe, akakaa pembeni akisoma gazeti la jana. Kupitia dirisha lile la nyuma ya soko tuliwasikia wanakwaya wa kanisa la karibu wakirudia ubeti mmoja. Ilipofika wakati wa kufuta, Mutwiri aliweka kidole kwenye kibonyezo akakiacha hapo. Miaka yake michache yote ilikuwa ndani ya kache hiyo. Nilisogeza kiti changu nyuma kumpa nafasi. Akabonyeza mwenyewe, akainuka, akaenda dirishani, akasimama akisikiliza kwaya hadi sauti ikaisha, kisha akarudi akaniambia, "Haya, jenga." Tukajenga mpaka jua likaegemea, tukipokezana kibodi, tukala ndizi zote. Nikikumbuka raha niliyowahi kuipata kazini, hiyo Jumapili huja mbele ya nyingine.

Ng'ombe wa Cucu Marigu alinyamaza na kumwangalia katika wiki ile aliyoihesabu kwa vidole, na siku hiyohiyo mvua ya kwanza ikaamua kunyesha. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Niliona ombi la Kanja likiingia, nikalitambua jina, nikamwita Mutwiri. Mrija ukashikwa. Mpandishaji akatafutwa. Ngurumo ikapiga upande wa mlimani, na kabla shughuli haijafungwa, laini ya Meru ikalala kama ilivyozoea. Nilishika ukingo wa meza. Kwenye skrini muamala ule ukarudi nyuma wote: mrija ukaachiliwa, Nyaga akaachiliwa, hakuna kilichobaki nusu. Cucu akatumiwa ujumbe wa kujaribu tena. Haikupita muda simu yangu ikalia, kwa maana nilikuwa nimempa namba. "Wawira," alisema kwa Kiembu, na sauti yake haikuwa ile ya kutuletea nduma, "kompyuta yenu imenikataa." Nilimwambia haijamkataa, imekataa kumdanganya. "Mwanangu, mimi sina wakati wa maneno matamu," akasema, na alikuwa na haki. Mutwiri alikuwa tayari ameigeuza njia, maombi yapite seva zetu za Embu peke yake hadi Meru irudi. Aliniinulia mkono. Nikamwambia Cucu atume mara nyingine. Akatuma nikiwa bado kwenye laini, namsikia akihema na akibonyeza, na mvua ikipiga mabati ya jiko lake.

Ombi likaingia. Mrija, kisha Nyaga, kisha neno moja la kijani likasema imekamilika. Nilimsomea. Akauliza, "Anakuja na mbegu, au anakuja mikono mitupu kama siku ile?" Nikamwambia anakuja nayo, na huku nikisema hivyo nilijua kwamba ninamwahidi kitu ambacho kiko Kanja na mimi niko Embu, na kwamba nina hakika nacho. Nilikuwa sijawahi kuwa na hakika ya namna hiyo kuhusu kazi ya mikono yangu. Nyaga alipiga simu baadaye, matope hadi magotini kwa sauti yake tu, akasema kazi imefanyika na amepewa chai. Mutwiri alishuka ngazi, akarudi na mandazi matano kwenye gazeti. Kuna mteja alikuwa akimuuliza muuzaji kwa nini leo juu kumenyamaza.

Cucu Marigu alipasuliwa, na kwa neema ya Mungu akatoka salama. Nilimtembelea mara mbili. Alikuwa amelala chumba cha mbele ili aone mlango wa boma kupitia dirishani. Nyaga alipopita kumpima ng'ombe akasema ana mimba, Cucu aliomba dirisha lifunguliwe zaidi. Kamati ya ushirika ikaendelea nasi. Katikati ya mwaka Bwana Njeru alimpeleka Mutwiri kuangalia seva za Meru, kwa sababu ile laini sasa ilihitaji mtu wa kuikalia, na nikaachiwa chumba cha juu ya duka pamoja na ufunguo wa kabati. Siku aliyoondoka, Mama Kendi alitupikia nyama na hakutaka kusikia habari ya malipo. Mutwiri aliniambia ameandika maelezo yote ya kache ya atomiki na ameyaacha mezani. Kisha akaongeza, akiangalia sahani, kwamba ya miamala hakuyaandika, kwa sababu mwenye nayo yuko. Hakuniita Madam siku hiyo, na hajaniita tena.

Wiki ya Krismasi nilikuwa peke yangu ofisini. Chini walikuwa wakipakia chakula cha kuku, vumbi lake likipenya kwenye nyufa za mbao, na nilikuwa na Mutwiri kwenye simu kutoka Meru, tukibishana tena, safari hii juu ya muda wa kushikilia kufuli. Simu ya ofisi ikalia. Nikamwambia Mutwiri asikate. Alikuwa Cucu Marigu, na sasa alipiga akiwa amesimama bomani, kwa sababu nilimsikia ng'ombe. Alisema ndama amezaliwa alfajiri, mzima, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Nikampongeza kwa Kiembu, kwa yale maneno yote ya heshima niliyoyajua. Akayapokea moja baada ya jingine. Halafu akasema, "Lakini ni dume." Akaendelea: "Mimi nilitaka jike. Kompyuta yenu haichagui hiyo?" Nilimwambia hiyo hatuwezi, Cucu, hiyo ni ya Mungu. Kwenye simu nyingine nilimsikia Mutwiri akicheka peke yake huko Meru. Cucu akafikiri, ng'ombe akipumua karibu naye. "Sawa," akasema. "Mwacheni apumzike kwanza anyonyeshe. Joto likirudi nitawatumia ujumbe, na mtanipangia Nyaga."